Ubavu wa Dadi

Nguo ndiyo adui yangu mwaka huu. Khanga, gauni, shuka, hata ile fulana laini aliyoninunulia mjukuu wangu sokoni Songea, zote adui. Nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kuketi, na upande wa kushoto sithubutu kuulalia. Malengelenge yenyewe yalikauka zamani. Yameacha alama nyeusi nyeusi iliyoanzia mgongoni ikapita chini ya titi na kukoma katikati ya kifua, upande mmoja tu, kama mtu alianza kunifunga mkanda akaghairi. Mkanda wa jeshi, ndivyo wanavyouita. Jeshi lenyewe sikulitumikia hata siku moja! Watu wakija kunipa pole wanatazama ngozi, wanaona imefunga, wananiambia, “Sasa hujambo, bibi.” Sijambo wapi? Mwenye kovu usidhani kapoa. Ndani kunawaka, kunachoma, kunatembea kama siafu, halafu kunatulia ili nipate kusahau, kisha kunachoma tena. Basi asubuhi moja nilikuwa nimekaa kizingitini nikipepeta ulezi, nikajikuta nimeinua khanga kwa vidole viwili, nimeitenga na ubavu, mkono umebaki hewani. Nikautazama ule mkono wangu. Ungo ukanitoka, ulezi ukamwagika wote. Mkono ule niliujua. Ulikuwa mkono wa Dadi.

Dadi ndiyo baba, kwetu Wangoni. Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na watoto wawili, nimewaona Wadachi wakiondoka na Waingereza wakija, na Waingereza nao wakafungasha. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijui baba yangu aliugua nini. Nilikuwa najua walichosema watu, kwamba maji yalimkataa. Kijana mmoja wa hospitali, mganga mwenye macho ya upole na mikono ya baridi, ndiye aliyenifungua masikio. Aliniambia, “Shikamoo, bibi. Ulipokuwa mtoto uliugua tetekuwanga?” Nikamjibu marahaba, tena nikamwambia niliugua sana, mimi na ndugu yangu, tulilazwa kwenye kibanda kimoja tukapakwa majivu mpaka tukafanana na mizimu. “Basi, bibi, ule ugonjwa haukuondoka. Ulijificha kwenye mishipa ya fahamu, ukalala. Mwili ukizeeka au ukichoka sana, unaamka, unafuata mshipa wake mmoja.” Nikamwuliza, umelala miaka yote hiyo? Akasema ndiyo. Nikamwuliza tena, na mtu mzima mwenye nguvu zake, ambaye hajazeeka, unaweza kuamka mwilini mwake? Akasema, “Unaweza, hasa akiwa na mashaka mengi.” Kisha nikauliza swali ambalo hakujua limetoka wapi. Maji ya baridi yakimgusa mtu huyo kabla malengelenge hayajatoka, anaweza kupiga kelele? Akacheka kidogo, akasema, “Bibi, hata upepo wa khanga unatosha kumliza.” Nilitoka pale bila kuaga. Nilipofika njiani nikakaa chini ya ukuta, nikalia, nikaapiza, nikalia tena, na watu wakadhani ni maumivu.

Mwaka alipougua Dadi ulikuwa mwaka wa maji, ule wa vita vya Maji Maji. Mimi nilikuwa msichana ambaye kifua ndiyo kwanza kinaanza, mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa mdomo. Tuliishi nyumba mbili zilizotazamana, katikati uwanja uliofagiliwa. Yetu ilikuwa ya Dadi, na ile ya pili ya mdogo wake, Baba Mdogo, baba yake Matrona. Matrona ndiye niliyeugua naye tetekuwanga. Jina hilo alilipata baadaye kwa ubatizo, lakini nitamwita hivyo kwa sababu lile la kwanza hapendi tena kulisikia. Tulikuwa kama kidole na pete. Nyumba zile mbili zilikuwa na moto mmoja. Wa kwao ukizimika Matrona alivuka uwanja na kigae mkononi, akasimama mlangoni kwetu akasema, “Hodi, naomba moto,” na Mama akampa kaa. Wa kwetu ukizimika nilivuka mimi. Kwetu hakukuwa na njia nyingine ya kuonyesha kwamba mnapendana. Mtu uliyemnyima moto ulikuwa umemfukuza duniani, hata kama mnaonana kila siku.

Siku hizo mazungumzo yote jikoni yalikuwa ya maji. Mama akisonga ugali, mama mdogo, mama yake Matrona, akichambua mlenda ungoni, nasi watoto tukijifanya hatusikii. Walisema yupo mtu ametoka upande wa mashariki, wa Wangindo huko, amekuja na dawa. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Baba Mdogo aliingia na habari hizo kila jioni kama mtu aliyeleta nyama. Alikuwa mrefu, mcheshi, akicheka nyumba nzima inacheka. Dadi alikuwa kimya, na mwezi ule alizidi kuwa kimya. Alikuwa amekaa wiki nyingi kwenye kazi ya shokoa, ya kulazimishwa, akibeba mawe ya boma la Wadachi, na aliporudi alikuwa amekonda, haketi akatulia. Siku moja akiwa anakula aliacha tonge katikati akashika ubavu wa kushoto. “Kuna kitu hapa,” akamwambia Mama. “Kama kaa la moto.” Mama akafungua shuka, akatazama, akaleta na kinga cha moto atazame vizuri. Hapakuwa na kitu. Ngozi safi kabisa. Akataka kumpaka mafuta ya nyonyo, lakini alipomgusa tu, Dadi akaruka akagonga kichwa kwenye boriti. Baba Mdogo akaangua kicheko. “Kaka! Mdachi hujamwona bado, umeshaanza kuruka?” Dadi naye akacheka, maskini. Tulicheka wote, na mlenda ukapoa.

Siku ya kunyunyiziwa, wanaume wa vijiji vya jirani walikusanyika kijitoni asubuhi, jua likiwa bado halijatoa baridi ardhini. Wanawake waliambiwa wakae mbali, na watoto wasionekane. Mimi na Matrona tulikuwa nyuma ya ghala la mahindi la mzee mmoja jirani, tumelala kifudifudi, tumeshikana mikono. Yule mwenye dawa, hongo tulimwita, alikuwa amesimama majini na chungu. Alikuwa na sauti nyembamba, haikufanana na mwili wake. Alisema kila mmoja asimame wima, asitikisike. Maji haya ni baridi kwa mtu mwema, alisema, na yana macho, yanamjua mwenye ubaya moyoni. Wakapita mmoja mmoja. Baba Mdogo alipita kifua mbele, maji yakamtiririka tumboni, akatoka akijipiga mapaja. Matrona akaniminya mkono kwa furaha. Kisha akaja Dadi. Alikuwa ameinua shuka kwa vidole viwili, ameitenga na ubavu, na nilidhani anaogopa isilowe. Hongo akachota, akammwagia kuanzia begani. Mama wee! Sauti aliyoitoa baba yangu sijaisikia kwa mtu mwingine. Haikuwa kelele ya kiume wala ya kike. Alipiga yowe akajikunja, akaanguka kwa magoti majini, akitweta. Watu wote wakarudi nyuma. Hongo akatazama chungu chake, akakimwaga chote kijitoni, akasema polepole, kila mtu asikie, “Yamemwona.” Mkono wa Matrona ukatoka mkononi mwangu.

Kesho yake malengelenge yalitoka. Yalitoka pale pale maji yalipopita, ubavu wa kushoto, mekundu, yamejaa, yamepangana kama mbegu za mtama kwenye suke. Nani angebisha? Hata Mama aliyemzalia aliketi mbali kidogo. Wazee wakaja. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi uliokandikwa nusu, na niliwasikia kama vile nimeketi kati yao. Mmoja alisema auawe kabla vita havijaanza, maana mchawi akibaki nyuma dawa ya wote itaharibika. Mwingine akasema huyo si mchawi, ni mtu wa Wadachi, alinunuliwa kule kwenye mawe ya boma. Kisha nikamsikia Baba Mdogo, na sasa hakuwa na kicheko. “Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mwacheni akae na ubavu wake. Tukirudi nitamwuliza mimi mwenyewe, na jibu lake nitawaletea.” Kwa heshima yake wakakubali. Dadi hakusema neno lolote la kujitetea, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilitaka apige kelele sasa, kwa kuwa sasa ndiyo kelele ingefaa. Walipoondoka alimwita ndugu yake arudi. “Mdogo wangu, nichukue nami. Nitabeba ngao mkono wa kulia.” Baba Mdogo akamjibu, “Kaka, huwezi hata kuvaa shuka.” Akatoka. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho.

Vita nisivisimulie mimi, wapo waliovisimulia kwa majivuno zaidi. Mimi nilisikia bombomu tu, bunduki ya Wadachi ya kumimina risasi, kwa mbali, upande wa boma, kama mtu anayechanja kuni kavu kwa haraka bila kupumzika. Kisha kimya. Kisha wakaanza kurudi wachache, wengine bila ndugu zao, wengine bila mikono. Baba Mdogo hakurudi. Aliyemwona alisema alikimbia mbele ya wenzake akipaza sauti, “Maji! Maji!” na kifua chake kikiwa wazi kabisa. Mama mdogo alipopata habari hakulia kwanza. Alivuka uwanja, akasimama mlangoni kwetu pale binti yake alipozoea kuomba moto, akamwambia Dadi, “Umepiga kelele, dawa imeharibika. Umemwua.” Nyuma yake alikuwa Matrona. Nilimtazama nikitafuta uso wake wa jana, sikuuona. Akaniambia, kwa sauti ndogo kabisa, “Baba yako amekaa, baba yangu amekwenda.” Tangu siku ile hapana mtu aliyevuka uwanja ule kuja kuomba moto. Mama mdogo na watoto wake walikwenda kuutafuta hadi bondeni, mvua inyeshe, usinyeshe. Na wajane wote wa pale wakafanya hivyohivyo.

Hebu fikiri wewe. Mwanamume mzima peke yake, katikati ya wajane, na kila mmoja anaamini yeye ndiye amemfanya mjane. Askari walipokuja wakachoma maghala, na njaa ikaingia hata panya wakahama, Dadi ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuchimba. Alichimbia watu makaburi, kwa sababu wale wachache waliorudi walikuwa majeruhi. Alikwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya wakati wa njaa, akirudi anaiacha juu ya jiwe njiani, anajitenga, wajane wanakuja kuichukua bila kutazama upande wake. Waliila. Sikuwalaumu kwa kuila; niliwalaumu kwa kutosema asante. Na muda wote huo yale malengelenge yalikuwa yamepona! Hapo ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa. Ngozi ilikuwa imefunga, na yeye bado akichimba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shuka hewani. Kipupwe kilipofika, ule upepo wa Songea unaokata masikio, watu walijifunika hata magunia, yeye alikaa ubavu nje, akitetemeka, kwa sababu baridi ilikuwa nafuu kuliko nguo. Mama alimtandikia majani ya mgomba aliyoyalainisha kwa moto. Hakulala. Aliketi, akasimama, akazunguka nyumba, akaketi. Mimi nikawa kama yeye. Sikuweza kukaa mahali nikatulia, na mpaka leo watu wananiita mama wa pilikapilika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilimwonea huruma, na siku nyingine, niseme kweli, nilimkasirikia kama wao. Kwa nini hatulii? Kimebaki nini cha kuuma?

Siku moja tulikuwa tunachemsha mizizi, yeye na mimi, Mama amekwenda mtoni. Sufuria hatukuwa nayo, kilikuwa chungu kile kile cha zamani kilichovunjika mdomo. Dadi alikuwa amechutama mbele ya moto, moto usioombwa na mtu. Akaniuliza bila kunitazama, “Mwanangu, wewe unanijua. Yale maji yaliona nini?” Nikasema, “Hayakuona kitu, Dadi.” Akatikisa kichwa. “Nimejichunguza. Nimetafuta kila nilichofanya tangu utoto. Niliwahi kumwonea wivu mdogo wangu kwa ajili ya kicheko chake. Labda ni hilo. Maji hayasemi uongo, na mwili wangu ndio shahidi, tazama.” Akaniinulia mkono nione kovu. Yesu na Maria, huyo mtu alikuwa ameamini! Wajane wangeamini, wazee wangeamini, lakini yeye mwenyewe alikuwa anajitafuta ndani kama mtu anayepekua nyumba yake kumtafuta mwizi, na kwa kuwa hakumpata alidhani amejificha vizuri. Nilichochea moto. Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, kabla mbegu hazijaota. Homa na njaa. Tulimzika Mama na mimi. Wanawake walisimama mbali, chini ya paa la mama mdogo. Alikufa akiwa bado anatafuta.

Sasa mnajua kwa nini nililia chini ya ukuta wa hospitali.

Matrona naye amezeeka. Aliolewa Namtumbo, akafiwa na mume, na mwaka juzi wajukuu zake wakamleta hapa mjini, wakampangia chumba kwenye uwanja wangu, nyumba za kutazamana tena, kana kwamba Mungu naye ana utani. Tunasali kanisa moja, tunaitana ndugu, tunachekeana. Lakini kila anapopika nyumbani kwake na moto ukamzimikia, huyo anamtuma mtoto dukani kununua kiberiti, na mimi hapa meko yangu yanawaka mbele ya macho yake. Hata siku moja hajaomba kaa. Hatujawahi kulizungumza. Nilipougua alikuja, simnyimi haki yake. Alinifulia, akanipikia uji, akakaa nami mchana kutwa akinisengenyea padri. Nilimweleza maneno ya kijana wa hospitali, kuhusu tetekuwanga, kuhusu mishipa, kuhusu Dadi. Alisikiliza akikwanyua majani ya mpera. “Hospitali wanasema mengi,” akajibu. “Tulia nikukande. Majani haya yanaondoa.” Nikamwambia usiniguse. “Mtu mzima ovyo! Umekuwa mtoto? Ngozi si imepona?” Nikamwambia, Matrona, nakukataza. Huyo hakatazwi tangu azaliwe. Alikwishachovya kitambaa kwenye beseni, na maji yalikuwa bado hayajapata moto vizuri. Akakikamua begani kwangu.

Sikujua kama ninayo sauti ile. Ilitoka tumboni, ikapita kooni bila kuniomba ruhusa, nikajikunja na kuanguka magoti sakafuni, natweta. Majirani walikuja mlangoni. Nilipoinua kichwa nilimwona Matrona amesimama na kitambaa mkononi, maji yakimdondokea miguuni, mdomo wazi. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama kijito cha mwaka ule. Akawaambia majirani waondoke, akafunga mlango, akaketi chini pale pale kwenye maji, mwanamke mzima na mvi zake. “Ndivyo alivyolia,” akasema. “Ni sauti ile ile.” Nikamwambia ndiyo. “Na wewe moyoni una nini?” akauliza. Nikamjibu kwa hasira, maana maumivu yalikuwa bado, “Nina ubavu, Matrona! Nina ubavu tu! Na yeye alikuwa na ubavu tu!” Akajifunika uso na khanga. Alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu aliyepewa msiba miaka mingi baada ya maziko. Katikati ya kilio alisema, “Ming'oko ile tuliila. Mama alikuwa akituambia ameichimba yeye.” Sikumbembeleza. Nilitaka alie. Nilikuwa nimemngoja sana.

Jioni ile alikwenda kwake bila kuaga. Nikabaki nimeketi kwenye kigoda mbele ya meko, nimeinua khanga kwa vidole viwili, nikisikiliza sauti za mji, watoto, redio ya jirani, jogoo asiyejua saa. Nilisikia anahangaika na moto wake, anapuliza, anakohoa. Nilisikia mjukuu wake akimwambia, “Bibi, nikanunue kiberiti?” na yeye akimjibu, “Kaa.” Halafu nikasikia ndara zake zinavuka uwanja, polepole, zinaburuta. Zikakoma mlangoni. Mkononi alikuwa na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, sijui alikitoa wapi siku hizi za sufuria.

“Hodi,” akasema. “Naomba moto.”

Nikamchagulia kaa kubwa.